Meneja Asiyejua Kuketi Mezani

Nimemwomba mhariri anipe nafasi niseme jambo kuhusu biashara. Tafadhali msifungue ukurasa wa vichekesho kwanza. Sitawaletea leja wala urari wa hesabu, hayo mwalimu wa Biashara anatutosha nayo.

Muhula wa kwanza mwalimu huyo alituuliza darasani: "Meneja ni nani, na kazi yake ni ipi?" Mikono ikanyoshwa kila upande, maana jibu limo kitabuni: kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Mwalimu akatueleza kwamba orodha hiyo ni ya Mfaransa Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya machimbo kwa miaka mingi na kuchapisha mawazo yake mwaka wa 1916. Tukaandika. Ndipo mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, meneja ni yule mtu wa kufuta watu kazi." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimfikiria baba yangu.

Baba alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki hapa mjini. Nilipokuwa darasa la saba alifutwa. Nimeomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya, akakubali kwa masharti mawili: nisikitaje kiwanda, na nisimfanye yeye shujaa. Nitajaribu.

Mambo yalikuwa hivi. Meneja mpya aliletwa, kijana msomi, shahada zake zikiwa zimetundikwa ukutani nyuma ya kiti. Mwezi haukuisha akabadilisha zamu. Zamu ya mchana iliyokuwa ikiisha saa kumi na mbili jioni ikasogezwa hadi saa nne usiku ili mashine zisilale. Kwa upande wa kupanga na kudhibiti, bwana yule angepata alama zote katika mtihani wa Fayol. Ila matatu za upande ule huisha saa mbili unusu. Wafanyakazi 28 wa zamu hiyo wakawa wanavuka uwanja mtupu kwa miguu, gizani. Wiki ya pili mmoja wao akanyang'anywa simu na mshahara wote, akarudi nyumbani bila viatu.

Baba alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Wenzake wakamwambia, "Mzee, ingia ofisini uongee." Akaandika barua. Mimi nimeiona, nakala yake ingali ndani ya Biblia. Barua inasema: tunataka nyongeza ya asilimia 20 kwa zamu ya jioni. Meneja akaisoma akiwa amesimama. Akasema, "Pesa hakuna. Asiyeweza, mlango ule pale." Baba naye akatoka akiubamiza mlango huo huo.

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyewasha mashine. Siku nne. Siku ya tano barua za kufutwa zikatoka, watu kumi na mmoja, jina la baba likiwa la kwanza. Walipokwenda ofisi ya leba wakaulizwa swali moja tu: "Notisi ya mgomo iko wapi?" Hawakuwa nayo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwa mpatanishi, na ukishindikana hapo, itolewe notisi ya maandishi ya siku saba kabla ya mgomo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma, lakini haki hiyo ina mlango wake wa kuingilia. Baba aliingilia dirishani.

Sasa nawaomba mtazame ile barua tena. Iliomba pesa. Je, shida ilikuwa pesa? La hasha! Shida ilikuwa giza. Watu walitaka kufika nyumbani wakiwa na viatu vyao. Nilipomuuliza baba kwa nini hakuandika neno "gari" hata mara moja, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilidhani bosi haelewi lugha nyingine isipokuwa pesa." Na meneja naye, aliposoma neno asilimia, akadhani watu hawa wanataka pesa tu. Kila mmoja alimjibu mtu asiyekuwako.

Nimepiga hesabu, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Biashara. Nauli ya upande ule ilikuwa shilingi 50. Watu 28 ni shilingi 1,400 kwa usiku mmoja, nao ndio mzigo wa matatu moja ya abiria 14 ikienda mara mbili. Kwa usiku 26 wa mwezi ni shilingi 36,400. Mwenye matatu angedai zaidi kwa sababu ya saa mbaya, haya, tuzidishe mara mbili: 72,800. Mashine zilisimama siku nne. Mteja mkubwa aliyekuwa akisubiri ndoo akaenda kununua kwingine, na baba anasema hakurudi. Meneja aliyesoma hesabu kuliko mimi hakuweza kuifanya hesabu hii ndogo, kwa sababu haifanyiki ukiwa umesimama. Inataka uketi, uulize, "Kwani tatizo hasa ni nini?" kisha unyamaze usikilize.

Nyumbani kwetu kuna mtu anayejua kuketi hivyo, naye hana shahada. Mama huuza nyanya na vitunguu sokoni. Wakati wa likizo mimi huandamana naye alfajiri kununua mzigo kwa mabroka wanaoleta nyanya kwa lori. Zamani nilidhani kupatana bei ni kupiga kelele. Yule anasema mia saba, wewe unasema mia tatu, mnavutana hadi mia tano, kwisha. Nilipomchunguza mama nikaona sivyo kabisa.

Kwanza hasemi bei. Anamsalimia broka, anamuuliza barabara ilikuwaje, mvua imenyesha huko, lori lilitoka saa ngapi. Mimi nilikuwa nikifikiri ni porojo. Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Lori lililotoka jana mchana lina nyanya zilizolala usiku kucha, na jua likipanda zitaanza kuchuruzika. Broka wa lori hilo anaogopa saa nne ya asubuhi kuliko anavyomwogopa askari wa kanjo. Mama akishajua hilo, hambani. Anamwambia, "Mimi nitachukua kreti sita sasa hivi, pesa mkononi, wewe uende zako ukalale." Broka anapunguza mwenyewe.

Pili, kabla ya kusimama kwa lori hili huwa ameshapita kwa lile lingine. Anajua bei yake huko ni ipi. Kwa hiyo akiambiwa "chukua au acha", anaweza kuacha bila kutetemeka. Baba alipobamiza mlango wa meneja hakuwa na lori la pili. Wala hakuwa na mpatanishi, notisi, wala wazo jingine mfukoni.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza. Siku moja broka mgeni, kijana mdogo, alikuwa amekwama na mzigo, jua limeshapanda. Mama angeweza kumkamua mpaka tone la mwisho. Akampa bei ya kadiri. Njiani nikamwambia, "Mama, si ungempunguza zaidi? Hakuwa na la kufanya!" Akanijibu, "Na Alhamisi nitanunua kwa nani?" Kijana yule mpaka leo humwekea mama kreti za chini, zile zilizopangwa nyanya ngumu, na siku mama hana pesa humpa kwa deni.

Hapa nataka kuingiza jambo kidogo kando. Katika nchi yetu neno hili la kuongea limechafuliwa. Ukisimamishwa barabarani ukaambiwa "ongea vizuri" au "ongea kama mtu mzima", unajua unachotakiwa kutoa. Hiyo siyo mapatano, hiyo ni hongo iliyovalishwa suti. Nadhani ndiyo sababu mameneja wengine wanyoofu wanaogopa kuongea. Wanaona wakiketi faraghani na mtu, watu watasema wamekula kitu kidogo. Dawa yake ni kuketi mbele ya mashahidi na kuandika lililokubaliwa. Mama mwenyewe ana daftari la deni, na broka hutia sahihi.

Historia ya nchi hii ina mifano mizuri, na mmoja uko bandarini Mombasa. Mwaka wa 1955 wafanyakazi wa bandari waligoma. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, vyama vya kisiasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, na serikali ya mkoloni ilikuwa tayari kwa rungu. Tom Mboya, wakati huo kijana wa miaka 24 na katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi. Alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeliita usaliti: aliwashawishi watu warudi kazini wakati mazungumzo yakiendelea. Kisha akaibeba kesi yao mbele ya baraza la usuluhishi. Matokeo yake yalikuwa nyongeza ya asilimia 33. Fikirini, wapenzi wasomaji. Hakuwarudisha kazini kwa sababu aliogopa. Bandari ikifungwa kwa muda mrefu, mkoloni angepata kisingizio cha kuleta askari, na mwenye kulipa asingekuwa na kitu cha kulipia. Aliiona hofu ya upande wa pili, kama mama anavyoiona saa nne ya asubuhi.

Mwaka wa 1962, kabla hata ya uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani, Mboya akiwa waziri wa leba. Shabaha yake ilikuwa hii hii: watu waketi kabla ya kugombana. Miaka zaidi ya 60 imepita tangu hapo, na bado tunaonyeshana mlango.

Lakini nisiwadanganye kwamba kuketi kunatosha. Kuna kuketi, kupatana, kutia sahihi na kupigwa picha, kisha makubaliano yakalala kabatini. Walimu wetu wanalijua hili kuliko mimi. Mwaka wa 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, waligoma wakaahidiwa nyongeza kubwa, na mwaka uliofuata wakarudi tena mgomoni kwa sababu ahadi haikutimizwa yote. Madaktari nao walitia sahihi mkataba na wizara mwaka wa 2013. Haukutekelezwa. Kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017 hospitali za umma zilikaa siku 100 bila madaktari, na wagonjwa maskini ndio waliolipa bei ya sahihi ile. Kwa maoni yangu, aliyeahidi asichoweza kulipa ni mbaya kuliko aliyesema "pesa hakuna". Huyu wa pili angalau amekwambia ukweli, ingawa kwa ufidhuli.

Na msidhani ni kwa wafanyakazi tu. Meneja hupatana pia na wanaomletea bidhaa. Nakumatt ilikuwa na zaidi ya maduka 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipofika mwaka wa 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu, kwa sababu waliokuwa wakiileta bidhaa hawakulipwa wakachoka kungoja. Madeni yalipita shilingi bilioni 30. Januari 2020 waliokuwa wakidai walipiga kura kampuni ivunjwe. Yako mengi yaliyoiangusha, sitajifanya mtaalamu. Nasema tu kwamba muuza unga aliyepigwa chenga miezi sita hawezi tena kukaa nawe mezani akakuamini. Meza inabaki, watu wameondoka.

Rafiki yangu mmoja, ambaye atajijua akisoma hapa, alipinga maoni yangu vikali. Alisema, "Bosi akianza kubembelezana na wafanyakazi watampanda kichwani. Leo gari, kesho chai na mkate, kesho kutwa wataomba kiti chake." Hoja hii haina upuuzi. Yako mambo yasiyo ya mapatano. Mfanyakazi akiiba, au akiondoa kinga ya mashine ili afanye haraka, hapo meneja aseme hapana, basi. Lakini mwenye kusema hapana kwa kila kitu hawezi kutofautisha wizi na giza. Tena mama yangu hapandwi kichwani na yeyote sokoni. Nimemsikia akimwambia broka "hapana" kwa sauti ya chini kabisa, na yule broka akakunja pesa yake akaondoka, kesho akarudi.

Kuna jambo lingine linaloniwasha, nalo linatuhusu sisi wanachama wa Kiswahili. Kila Ijumaa tunafanya mjadala. Maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani. Pesa ni bora kuliko elimu. Upande mmoja unapinga, mwingine unaunga mkono, tunapigiwa makofi, mshindi anatangazwa. Nami naupenda sana mjadala, hata kombe la mwaka jana nilikuwamo. Lakini umewahi kuona upande mmoja ukisema, "Hapo mmesema kweli, hebu tulirekebishe letu"? Ukisema hivyo unakatwa alama! Tunajifunza kushinda hoja, hatujifunzi kupata makubaliano. Kisha tunamaliza kidato cha nne, mmoja anakuwa meneja, mwingine anakuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na wote wawili wanaingia ofisini wakitafuta makofi.

Basi mimi napendekeza Ijumaa moja kila mwezi tusifanye mjadala, tufanye mapatano. Pande mbili, meza moja, dakika 40. Hakuna mshindi. Mkitoka na karatasi iliyotiwa sahihi na inayotekelezeka, nyote mmepata alama. Mkitoka bila karatasi, nyote mmekosa.

Mada ya kwanza ninayo, na nyote mnaijua, maana imekuwa ikinong'onwa vyooni tangu muhula uliopita. Ni prepu ya jioni. Shule yetu ni ya kutwa, na prepu inaisha saa moja kasorobo. Wanaokaa karibu hawaoni shida. Sisi tunaokaa ng'ambo ya mto tunafika nyumbani giza limeshatanda, na wasichana wengine wameanza kusingizia maumivu ya tumbo ili waondoke mapema. Najua wapo wanaosema tugome, tukae nje ya madarasa siku moja wakubwa waone. Nawaomba msifanye hivyo. Nimeishi na barua ya kugoma ndani ya Biblia miaka minne.

Badala yake tujiulize utawala unaogopa nini. Unaogopa matokeo ya mtihani yashuke. Nasi tunaogopa njia. Si kitu kimoja, kwa hiyo si lazima mmoja ashindwe ili mwingine apate. Pengine prepu ianze mapema, dakika 45 zikatwe kwenye muda wa michezo siku tatu za wiki. Wanamichezo wataninunia, najua. Pengine wa ng'ambo waruhusiwe kuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala yake, ikiwa bawabu atakubali kufungua lango, naye pia aulizwe, asiamriwe. Pengine lipo wazo la tatu ambalo mimi silioni kwa kuwa sijui ratiba ya walimu inavyopangwa. Nimeanza kuhesabu: katika kidato chetu peke yake tuko 23 tunaovuka daraja. Bado sijapata idadi ya kidato cha kwanza, cha pili na cha nne. Mwenye kunisaidia anitafute wakati wa mapumziko ya saa nne.

Baba atakuja Ijumaa hiyo, mwalimu mlezi amemkaribisha kama mtazamaji. Mwalimu mwenyewe amekubali kuketi upande wa utawala, na ameshaniambia waziwazi kwamba hatatuhurumia.